Shubaka Ndani ya Inzi

Mwaka 1978 Ray Schofield, mtafiti wa damu mjini Manchester, Uingereza, alitoa hoja ambayo hakuwa na njia ya kuithibitisha. Alisema seli shina haidumu kuwa shina kwa nasaba yake, bali kwa mahali ilipokaa. Ikihama, inapevuka na kuchakaa kama nyingine. Mahali hapo alipaita kwa neno lenye maana ya shubaka, kile kitundu cha ukutani cha kuwekea taa. Kilichomkwamisha ni uboho wenyewe. Humo seli shina ni chache mno, zimezongwa na halaiki ya seli nyingine, na shubaka halikuonekana. Kwa maoni yangu, dhana hiyo ilipata miguu ilipohamia kwenye ovari ya inzi wa matunda, kwa kuwa ovari hiyo imepangwa kama foleni. Kwenye ncha ya kila kimrija cha mayai kuna seli shina mbili au tatu zilizogandamana na seli chache za kofia, ambazo ndizo shubaka lake. Shina likigawanyika, binti mmoja hubaki palepale. Mwingine husukumwa nyuma, hugawanyika mara nne na kufanya kundi la seli 16, ambamo moja huwa yai na 15 huilisha. Ukijua seli imekaa wapi, umejua umri wake.

Kwa hiyo kilichokuwa fumbo kikawa swali la kupimwa. Mwaka 1998 Ting Xie na Allan Spradling, mjini Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ujumbe wa protini iitwayo Dpp, unaotoka shubakani, ukipungua, seli shina hutoweka mapema. Ukizidi, kimrija hufurika seli zinazofanana na shina. Mwaka 2000 wakaonyesha kwamba shina moja likipotea, jirani yake hugawanyika na binti akashika nafasi iliyoachwa wazi. Baadaye ikabainika kwamba ujumbe huo huzima jeni iitwayo mfuko wa gololi (watafiti wa inzi huipa jeni jina la kile kinachoonekana ikiharibika). Yaani kuwa shina ni kuzuiwa kukua.

Atatokea wa kupinga: ukiiondoa jeni hiyo, seli hubaki kama shina hata zikiwa mbali na shubaka, basi siri imo ndani ya seli. Swichi imo ndani, ni kweli, lakini mkono unaoibonyeza uko nje. Mwaka 2004 Toshie Kai na Spradling walionyesha kwamba ujumbe ukiwa mwingi, hata seli zilizokwisha kuungana nne nne au nane nane huachana na kurudi kuwa shina kamili. Nasaba isingeruhusu marejeo hayo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba inzi si mtu. Hapo nakubali nusu. Dpp ina ndugu zake katika miili yetu, ila ramani haihamishiki. Mwaka 2003 makundi mawili yalidai shubaka la damu ya panya liko kwa seli zinazojenga mfupa. Waliofuata wakaelekeza kidole kwenye mishipa ya damu, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Katika uboho bado hakuna foleni.