Nusu Maili: Historia ya Msitu Ulio Juu ya Vihamba Vyetu

Ndugu zetu mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Kila Desemba tunapanda nyumbani. Tunachinja mbuzi, tunakunywa mbege, tunawasalimia wazee, halafu tunashuka. Wageni wanavuka bahari ili watembee katika msitu ulio juu ya migomba yetu, lakini wengi wetu hatujawahi kupita geti la Marangu. Mwaka huu tumeona kijitabu hiki kibebe historia ya msitu huo, kwa kuwa sehemu ya michango tunayoomba inauhusu.

Wazee wetu waliujua umuhimu wake kabla ya sheria za kuandikwa. Mifongo ilichukua maji kwenye mito itokayo msituni, ikashuka kihamba kwa kihamba. Kila aliyetumia maji alikuwa na zamu yake, na alikuwa na wajibu wa kusafisha mfongo.

Wajerumani waliutenga msitu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakautangaza kuwa hifadhi mwaka 1921. Wakati huo watu walikuwa wakiongezeka na kahawa ikienea. KNCU yenyewe ilianzishwa mwaka 1933. Kuni na mbao zikawa shida. Ndipo mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, yaani kama mita 800, kwenye ukingo wa chini wa msitu, chini ya utawala wa Wachagga wenyewe. Wananchi wapate humo kuni, mbao na majani ya ng'ombe, ili msitu wa asili ulio juu ubaki salama.

Baada ya Uhuru usimamizi wa ukanda ulihama mikono, hasa serikali za mitaa zilipovunjwa mwaka 1972. Kwa lugha yetu wahasibu, faida ilikwisha na mtaji ukaanza kuliwa: miti ilikatwa kuliko ilivyopandwa. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 ilianzia mita 2,700 kwenda juu, hivyo sehemu kubwa ya msitu ilibaki nje. Mwaka 1984 Serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili, na mwaka 1987 mlima ukaingia katika Urithi wa Dunia, lakini misumeno haikunyamaza. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulionyesha mikulo iliyoangushwa na matanuri ya mkaa. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Ulinzi umeongezeka, lakini mahitaji ya nyumbani hayakwisha. Mama zetu bado wanapikia kuni, na ng'ombe wa zizini bado anakatiwa majani. Mpaka ukikazwa bila njia nyingine, wao ndio wa kwanza kuumia. Msitu ukiachwa wazi, tunaumia sote, maana sehemu kubwa ya maji yanayotushukia hutoka msituni, unakonaswa mvua na ukungu, wala si kwenye barafu ya Kibo kama wengi wanavyodhani. Mioto ya mwaka 2020 na 2022 ilitukumbusha jinsi mali hiyo inavyoweza kuteketea kwa siku chache.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mchango wa fedha kwa ajili ya kitalu cha miche ya kuni na majani ya mifugo, ipandwe vihambani na kingoni mwa mifongo. Pili, mchango wa majiko yanayotumia kuni kidogo, tukianza na kaya za juu zinazopakana na msitu. Tatu, Desemba hii tutenge siku moja, tuwachukue watoto, tulipe kiingilio halali getini na tutembee na mwongoza wageni mpaka Mandara, mita 2,720. Takataka zetu turudi nazo.

Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hawezi kuchangia kwa moyo kitu alichokiona kwenye picha tu. Akishaona maji yanakoanzia, ataelewa kwa nini wazazi wake wanatoa.

Hesabu za mapato na matumizi ya kitalu zitasomwa kwenye mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi.