Msimbopau wa vinasaba

Maji ya misitu na mashamba ya chai ya Bulwa na Amani, Usambara Mashariki, huteremka hadi Mto Zigi, yakaingia Bwawa la Mabayani na hatimaye mabombani jijini Tanga. Katika maji hayo, perege aliyekomaa mvuvi humtambua kwa umbo, rangi na mapezi. Lakini kifaranga kilichoanguliwa majuzi, au mnofu uliokwisha kuchunwa ngozi, humkwamisha hata mtaalamu. Hapo ndipo panapofaa msimbopau wa vinasaba.

Msimbopau tunaoujua ni ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba spishi za wanyama nazo zitambuliwe kwa kipande kifupi cha jeni moja, COI, chenye herufi zipatazo 650. Herufi zenyewe ni nne tu, A, T, G na C. Kinachobadilika ni mpangilio. Mtafiti hukata ncha ya pezi na kuitia kwenye spiriti, samaki akarudishwa mtoni akiwa hai. Maabara hukirudufu kile kipande, huusoma mpangilio na kuulinganisha na hifadhidata. Pakiti zote za sabuni moja zina mistari ileile, ila samaki wa spishi moja hupishana kwa herufi chache. Kwa hiyo jibu ni la ukaribu. Na hifadhidata hujazwa na watu. Aliyempa samaki wa kwanza jina lisilo lake, kosa lake litarudiwa na kila atakayelinganisha naye.

Kutafsiri "code" ya Kiingereza kwa neno "kodi" sikupendi hapa, maana kodi tayari ni ushuru. "Vinasaba" limekwisha kuzoeleka, hasa kwa vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako watu wengi huenda kumtafuta baba. Kwenye msimbopau huu baba haonekani kabisa. COI imo ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vilivyo nje ya kiini, na mitokondria mtoto huzirithi kwa mama.

Kwa perege jambo hili ni zito. Perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe, alielezwa kisayansi na Rosemary Lowe mwaka 1955. Tangu hapo sato na jamaa zake wamepandikizwa katika mito na mabwawa mengi ya Tanzania, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa katika maziwa madogo ya Lindi perege huyo amezaliana na hao wageni. Chotara wa mama perege na baba sato atasomeka perege halisi, na mto ulioanza kupoteza samaki wake utaandikwa kuwa salama. Ripoti ya maji yenye sato na perege iliyotegemea msimbopau peke yake naiona haijakamilika. Na zisomwe pia jeni za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili.