Mlima Washington: Njia ya kiangazi si njia ya theluji
Na Mwandishi Wetu

MLIMA Washington, ulioko jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, una kimo cha mita 1,917 tu. Kwa msomaji aliyewahi kufika Marangu, kimo hicho hakipishani sana na cha lango ambalo mpandaji wa Kilimanjaro hujiandikisha kabla hajaanza safari yenyewe.

Hata hivyo, tangu mwaka 1849 watu zaidi ya 150 wamepoteza maisha katika mlima huo na vilele vya safu yake. Aprili 12, 1934 wapimaji wa hali ya hewa waliokuwa kileleni walirekodi upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 1996, pale kimbunga Olivia kilipopiga kisiwa cha Barrow, Australia. Februari 2023 kipimajoto cha kileleni kilishuka hadi nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri.

Pamoja na hayo yote, watu huupanda wakati wa baridi kali, na wengi hurejea salama. Swali la kwanza la kujiuliza ni njia ipi iko wazi, kwa kuwa njia iliyochorwa kwenye ramani kwa ajili ya Julai huenda Januari isiwepo kabisa, au ikawepo na kuua.

Mfano mzuri ni njia iitwayo Lion Head, upande wa mashariki. Mpandaji huanzia kituo cha Pinkham Notch, akafuata njia pana ya Tuckerman Ravine. Wakati wa kiangazi huiacha baada ya kilomita 3.7 hivi, karibu na Hermit Lake, na kuanza kupanda ukingo wa korongo. Theluji ikishakuwa nyingi, sehemu hiyo hupita chini ya miteremko inayoporomosha theluji, ambayo huweza kumfukia mtu kwa dakika chache.

Ndiyo maana ipo njia ya pili, ya majira ya baridi, inayoachana na njia kuu mapema zaidi, baada ya kilomita 2.7 hivi, na kupanda wima katikati ya miti hadi kuungana na ile ya kiangazi pale miti inapokoma. Ni fupi lakini kali. Bila shoka la barafu mkononi na vyuma vya meno vilivyofungwa chini ya viatu, haipandiki, na asiyejua kuvitumia vifaa hivyo hana la kufanya pale.

Njia hiyo haifunguliwi kwa tarehe maalumu. Watumishi wa misitu husubiri theluji itoshe kufunika mawe na mizizi, kisha hubadilisha vibao. Kabla ya siku hiyo wapandaji huelekezwa kutumia ile ya kiangazi. Kwa sababu hiyo, aliyepita wiki mbili zilizopita si shahidi wa kutegemewa; taarifa ya kuaminika ni ile ya asubuhi ya siku ya safari, inayotolewa na kituo cha kufuatilia maporomoko ya theluji cha mlima huo, pamoja na utabiri wa hali ya hewa wa vilele.

Kwa upande wa magharibi, wengi huchagua njia ya Jewell, ambayo mteremko wake ni wa taratibu kuliko ile jirani ya Ammonoosuc Ravine. Tatizo la Jewell ni kwamba mpandaji akishatoka msituni hukaa muda mrefu mahali pasipo kinga dhidi ya upepo.

Juu ya miti alama za rangi hazipo tena. Njia huonyeshwa kwa marundo ya mawe, na marundo hayo hugandiwa na barafu nyeupe hadi yakafanana na kila kitu kinachoyazunguka. Ukungu ukishuka, rundo linalofuata halionekani. Nyayo za watu wengine nazo hudanganya, kwani huenda ni za watelezaji wa theluji waliokuwa wakielekea korongoni kwa makusudi.

Hapo ndipo dira inapohitajika. Katika eneo hilo sindano huelekea magharibi ya kaskazini ya kweli kwa takriban nyuzi 14, na mpandaji anayesahau kurekebisha tofauti hiyo hupotoka karibu mita 250 katika kila kilomita moja. Katika mlima uliozungukwa na makorongo, mita 250 zinatosha kumtupa mtu genge. Kifaa cha setilaiti husaidia, lakini mstari ulionyooka kutoka kileleni hadi kwenye gari haujali genge lililo katikati, na baridi hunyonya betri upesi. Ni vema kuiweka simu ndani ya koti, karibu na mwili.

Januari 1982, Hugh Herr, aliyekuwa na umri wa miaka 17, na mwenzake walikwea barafu ya korongo la Huntington, kisha wakapotea katika dhoruba. Badala ya kushuka mashariki walikotoka, waliteremkia kaskazini, katika bonde la Great Gulf. Walikaa huko siku tatu. Herr alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti, na baadaye akawa mtafiti mashuhuri wa miguu ya bandia. Mwokoaji mmoja wa kujitolea aliyekuwa akiwatafuta alifukiwa na theluji katika eneo la Lion Head akafa. Vijana wale hawakuwa huko kabisa.

Mwanzoni mwa majira ya baridi mwanga hudumu saa tisa hivi tu, na jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi alasiri. Wenye uzoefu huamua wakiwa bado chini ni saa ngapi watageuka, hata kama kilele kinaonekana, na humwachia mtu nyumbani jina la njia wanayopanda na ile watakayoshukia. Aidha, sheria ya New Hampshire inaruhusu jimbo kumtoza gharama za uokoaji mtu aliyepata matatizo kwa uzembe wake.