Kabla ya Mikono Kulikuwa na Kisu

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, mgonjwa ambaye moyo wake umesimama hospitalini aliokolewa kwa kisu. Daktari alimpasua kifua, akapenyeza mkono katikati ya mbavu na kuuminya moyo wenyewe. Aliyeanguka njiani au sokoni hakuwa na hata bahati hiyo.

Aliyefungua njia nyingine alikuwa mwanafunzi. Guy Knickerbocker alifanya kazi katika maabara ya William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Walikuwa wakiunda mashine ya kuushtua moyo kwa umeme bila kupasua kifua, na waliijaribu kwa mbwa. Mwaka 1958 Knickerbocker aliona jambo ambalo wengi wangelipuuza: kila alipozigandamiza kwa nguvu pedi nzito za mashine hiyo kifuani mwa mbwa, umeme ukiwa bado haujapita, kipimo cha shinikizo la damu kilipanda. Wakaanza kutafuta mahali pa kukandamiza, kina chake na kasi yake. Daktari wa upasuaji James Jude akaungana nao na kuipeleka mbinu hiyo kwa wagonjwa. Julai 1960 walichapisha taarifa: kati ya wagonjwa 20, 14 walinusurika. Wakaandika bila kigugumizi kwamba kazi hii inataka mikono miwili tu, na kwamba mtu yeyote anaweza kuianza popote alipo.

Upande wa pumzi ulikuwa na historia ndefu zaidi. Chama kilichoundwa Amsterdam mwaka 1767 kuokoa waliozama kilishauri kupuliza hewa mdomo kwa mdomo, sambamba na mambo ya ajabu kama kumpulizia mtu moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Baadaye kupuliza kukaachwa. Katika miaka ya 1950 madaktari wa nusukaputi James Elam na Peter Safar walithibitisha kwamba pumzi ya mwokoaji inatosha kumweka mtu hai, na inafaa kuliko kumsukuma mgongo na kumwinua mikono kama ilivyokuwa ikifundishwa.

Lakini ujuzi wa namna hii haushiki kwa kusoma, na hapo ndipo namheshimu sana Asmund Laerdal, mtengeneza vitu vya kuchezea wa Stavanger, Norway. Aliwahi kumwokoa mwanawe mdogo aliyekaribia kufa maji. Madaktari walipomwomba kifaa cha mazoezi, alitengeneza mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, Anne, aliyetoka mwaka 1960. Uso wake ulinakiliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye inasimuliwa aliopolewa kutoka mto Seine, Paris.

Juu ya mwanasesere kama huyo ndipo mwanafunzi hujifunza kuweka kiganja juu ya kiganja, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, viwiko vikiwa vimenyooka. Wengi huanza kwa woga, wakibonyeza kidogo mno. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachwa kirudi juu kabisa kabla ya kubonyezwa tena. Mbavu zinaweza kuvunjika, usiache.

Hata hivyo mwanzoni mafunzo yalibaki kwa wahudumu wa afya. Jiji la Seattle, Marekani, lilianza kufundisha raia kwa maelfu mapema miaka ya 1970. Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kikaenda mbali zaidi: ukimshuhudia mtu mzima akianguka ghafla, omba msaada na ukandamize kifua tu, hata kama hujui kupuliza. Watoto na waliozama bado wanahitaji pumzi.