Kandanda ya Wasichana Shuleni Kwetu



Mhariri ameniomba niandike historia ya kandanda ya wasichana katika shule yetu, kwa kuwa nilisoma hapo, na baadaye nikarudi kufundisha hesabu na kusimamia michezo. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana kila tukutanapo husikia maelezo yale yale: kwamba zamani wasichana hawakucheza mpira kwa sababu mila zetu zilikataa, na leo wanacheza kwa sababu dunia imegeuka. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kwa jinsi nilivyoyaona mambo, kilichowazuia ni uwanja, pamoja na saa za uwanja, na tangu awali wenye ratiba tulikuwa sisi wanaume.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Kandanda haikuwa mila ya babu wa yeyote kati yetu. Waliileta Waingereza, na kule Zanzibar vijana wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa wakiicheza kabla karne ya 19 haijaisha. Serikali ya kikoloni ilipofungua Shule ya Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilifuata mfano wa shule za mabweni za kwao, ambako iliaminika kuwa mvulana hujifunza utii na uongozi uwanjani. Shule za wasichana zikaletewa netiboli, mchezo ambao Waingereza waliuunda kutokana na mpira wa kikapu wa Wamarekani na kuuwekea kanuni zake mwaka 1901. Kwa hiyo michezo yote miwili ilikuja kutoka nchi moja, na ilifika ikiwa imekwisha kugawanywa: huu wa kaka, huu wa dada. Bibi zetu hawakucheza netiboli kama vile babu zetu walivyokuwa hawachezi kandanda.

Na huko Uingereza kwenyewe mambo yalikuwaje? Wengi wetu hatukufundishwa habari hii. Wanawake walicheza kandanda hadharani mjini London tangu mwaka 1895. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walipokwenda vitani, wasichana wa viwanda waliunda timu zao. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa ile ya kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston, iliyokuwa ikichangisha fedha za kuwasaidia askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka haukupita, na tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Kandanda cha Uingereza kikatamka kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, na kikavitaka vilabu vyake visiwape viwanja.

Naomba msomaji aliangalie jambo hilo kwa makini. Chama hakikuwa na uwezo wa kumzuia msichana asipige mpira. Uwezo wake ulikuwa juu ya viwanja, na hapo ndipo kilipobana. Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50. Ujerumani Magharibi nayo iliweka ya kwake mwaka 1955 hadi 1970, na Brazil, nchi tunayoisifu kuliko zote kwa kabumbu, ilikuwa na amri ya serikali ya namna hiyo kuanzia 1941 hadi 1979. Basi Waingereza waliosimamia elimu hapa kwetu baada ya mwaka 1921 walitoka nchi ambayo msichana alikwisha kunyang'anywa kiwanja. Tulichorithi kwao tukakiita mila yetu.

Shule yetu, kama mjuavyo, ilikuwa ya wavulana watupu mpaka ilipoanza kupokea wasichana wa kidato cha tano. Walipofika walikimbia mchakamchaka pamoja nasi alfajiri, wakiimba kwa sauti kuliko sisi. Walishika jembe katika shamba la shule, maana Elimu ya Kujitegemea haikumbagua mtu, na waliteka maji bondeni na kuyapandisha kwa debe kichwani. Katika shughuli zote hizo sikumsikia mtu akiulizia udhaifu wa mwili wa mwanamke. Swali hilo lilizuka saa 10 jioni tu, mpira ulipotolewa stoo.

Niliporudi kama mwalimu, wasichana kadhaa walinifuata ofisini wakitaka wafundishwe kandanda. Hawakuwa wageni wa mpira. Mtaani walikuwa wamecheza rede na dada zao na chandimu na kaka zao, kwa mpira wa matambara, mpaka walipofikia umri wa kuambiwa watoke. Nililipeleka ombi lao katika mkutano wa walimu. Matroni alihofia majeraha. Mzee mmoja, mwalimu hodari ninayemheshimu mpaka leo, aliuliza kama mchezo huo hautaharibu uzazi. Mwalimu wetu wa biolojia, mama wa watoto wanne, alimjibu kwa upole kwamba debe la maji lina kilo 20, na kwamba kama mlima ule haukuharibu kitu, mpira hautaharibu. Kicheko kilichofuata kilisaidia kuliko hotuba yangu. Ndipo mkuu wa shule akauliza swali la maana kuliko yote: watacheza wapi, na saa ngapi?

Uwanja ulikuwa mmoja. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10 hadi saa 12 jioni, ulikuwa na wenyewe: timu ya kwanza, timu ya pili, kisha mashindano ya mabweni. Wasichana walipewa saa 8 mchana, mara tu baada ya chakula. Kila aliyewahi kusimama uwanjani pale saa hiyo, mchanga ukiunguza nyayo, ajua maana yake. Nadhani wengine walitumaini kuwa jua lingemaliza ubishi wenyewe. Wasichana wakaja. Walicheza na matumbo yamejaa ugali na maharage, pekupeku wengi wao, na jezi zetu kuukuu zikiwafika magotini.

Hapo nilijifunza jambo ambalo wenye timu za wasichana huenda likawafaa. Karibu wote walikuwa wachezaji wa netiboli, na netiboli haimruhusu mtu kukimbia na mpira. Akiudaka lazima asimame na autoe ndani ya sekunde tatu. Basi kila msichana alipotuliza mpira mguuni alisimama kama aliyepigiwa filimbi, akatafuta mwenzake wa kumpa. Wavulana kando ya uwanja walivunjika mbavu kwa kicheko. Lakini baada ya wiki chache, miguu ilipozoea kwenda, ile tabia ya kutafuta mwenzake ilibaki, na pasi zao zikawa nzuri kuliko za timu yangu ya pili, ambamo kila mmoja alitaka kupiga chenga watu wanne ndipo akumbuke kuwa ana wenzake. Kupata mlinda mlango hakukunipa taabu hata kidogo; mikono ilikuwa tayari.

Baba mmoja alikuja shuleni kwa ajili ya binti yake, nami nilijiandaa kwa vita. Mzee yule aliuliza mambo matatu tu: atavaa nini, nani atakuwa akitazama, na atarudi bwenini saa ngapi. Nilimwonyesha traksuti na mtandio, nikamwahidi kuwa mazoezi yatakwisha kabla ya magharibi. Akaridhika. Wanaotaja dini na wazazi kila mara yafaa wawaulize kwanza wazazi wenyewe. Tazama Zanzibar: kikosi cha wanawake cha Women Fighters kilikuwa kikicheza huko, hata Florence Ayisi akakitengenezea filamu, Zanzibar Soccer Queens, mwaka 2007.

Hapakuwa na shule jirani yenye timu ya wasichana, kwa hiyo mechi ya kwanza tuliwapanga na wavulana wa kidato cha kwanza. Walifungwa 4-1. Lile moja lilishangiliwa mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi. Muhula uliofuata, mkuu wa shule aliwapa Jumatano jioni, siku kamili, na timu ya pili ikanung'unika kwa muda wa juma moja hivi.

Yaliyotokea nchini baadaye mwayajua. Twiga Stars walikwenda fainali za Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Ligi kuu ya wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Mwaka 2022, kule India, Serengeti Girls chini ya kocha Bakari Shime waliwafunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 17. Mwaka huo huo Aisha Masaka alijiunga na BK Häcken ya Uswidi, na mwaka 2024 akaenda Brighton ya Uingereza, nchi ile ile ya marufuku ya 1921.

Sasa nirudi nyumbani. Michango yetu ya kukarabati uwanja inaendelea vizuri, na kamati imekwisha andika rasimu ya ratiba ya kuutumia ukikamilika. Nimeisoma. Jumatano ya wasichana imeondolewa, wamewekewa Jumamosi asubuhi. Waliolala bweni wanakumbuka kwamba Jumamosi asubuhi ni saa ya kufua na kufanya usafi, na yeyote aliye uwanjani wakati huo huandikwa jina na mwalimu wa zamu. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Pengine aliyepanga hakuuliza bweni la wasichana. Rasimu hiyo italetwa mbele ya mkutano mkuu wetu kabla ya chakula cha mchana, nami nimekwisha peleka kwa katibu pendekezo la maandishi kwamba Jumatano irudishwe, saa 10 hadi 12 jioni. Anahitaji mtu wa pili wa kuliunga mkono.