Nzega: Jimbo Linaloamuliwa Kabla ya Oktoba

Nzega mbunge hapatikani Oktoba. Hupatikana Julai au Agosti, siku ya kura za maoni za Chama Cha Mapinduzi, au wiki chache baadaye, majina yanaporudi kutoka vikao vya juu. Siku ya uchaguzi mkuu wananchi hupanga foleni na kutumbukiza karatasi zao, lakini mchuano wenyewe huwa umekwisha zamani: watia nia wamekwisha kuchukua fomu na kujinadi, wapambe wamekwisha kuzunguka na pikipiki Nata, Puge na Ndala, wajumbe wamekwisha kuhesabiwa kata kwa kata, huyu wetu, huyu wao. Kijana aliyezaliwa baada ya 1992 anaweza kudhani kwamba ndivyo siasa zilivyo kila mahali. Hali hii ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapa hapa Unyamwezini.

Kabla ya vyama palikuwa na watemi. Mtemi wa Kinyamwezi alitoka katika ukoo wa utawala, lakini hakujitangaza mwenyewe. Wazee walikaa, wakachagua nani kati ya wenye haki ya kiti apewe. Wakoloni, Wajerumani kwanza kisha Waingereza, waliuacha utemi ubaki, wakaongeza sharti moja zito: mtemi akubalike kwa bwana shauri. Tangu hapo watu wa nchi hii walijifunza kwamba unaweza kumchagua mtu wako, naye akakataliwa na mkubwa asiyekaa kwenu.

TANU ilipozaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954, miongoni mwa waasisi wake 17 alikuwamo Joseph Kasella Bantu, mtu ambaye baadaye angekuwa mbunge wa Nzega Mashariki. Jina lake halitajwi sana siku hizi, na ni hasara, kwa sababu maisha yake ya siasa yanaieleza Nzega kuliko hotuba nyingi za majukwaani. Tutamrudia.

Januari 1958 chama kilifanya mkutano wake mkuu Tabora, mji ambao Julius Nyerere aliujua vizuri: alisoma pale katika shule ya serikali, akafundisha St. Mary's, akakitumikia chama cha TAA katika tawi la pale. Suala la mkutano lilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, asipofanya hivyo kura yake iharibike. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Palikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, na mkulima wa kawaida wa Nzega aliachwa nje. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kususia. Nyerere aliwasihi washiriki, waushinde mfumo huo wakiwa ndani yake, na wakakubali. Uamuzi huo ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere mwaka 1962, akapata kura 21,276 katika kura zaidi ya milioni moja. Wengi huitaja namba hiyo kwa kumdharau. Mimi naiona kama dalili ya mapema ya jambo lililokuja baadaye: mwanasiasa aliyetoka nje ya chama kile hakuwa na mahali pa kusimama.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi kwa sheria. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, ambaye utemi wake ulikuwa Tabora na ambaye alikuwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa Tanganyika huru, alijiuzulu uwaziri mwaka huo huo. Mahali pa mtemi na wazee wake palijazwa na mjumbe wa nyumba kumi, yule tunayemwita balozi. Kijijini ndiye aliyejua nani kahamia, nani kagombana na nani, nani ana kadi na nani hana. Wanaoshangaa kwa nini CCM, mrithi wa TANU, ni ngumu kung'olewa vijijini mara nyingi hutazama Dodoma, kumbe jibu liko kwenye kibaraza cha balozi.

Halafu ukaja uchaguzi wa 1965, ambao kwa maoni yangu ni wa ajabu kuliko wote katika historia yetu. Katiba ya Muda ya mwaka huo iliifanya TANU kuwa chama pekee Tanganyika, lakini Nyerere hakutaka wabunge wapite bila kupingwa. Utaratibu ukawa hivi. Mkutano mkuu wa chama wa wilaya uliwapigia kura waliojitokeza. Majina yalipelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikateua wawili kwa kila jimbo, kwa kawaida wale waliopata kura nyingi zaidi wilayani, ingawa haikulazimika kufanya hivyo. Wawili hao walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja mbele ya wasimamizi wa chama, kila mmoja akapewa muda wake. Ilikuwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi. Ilikuwa marufuku pia kuhutubia kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, hata katika vijiji ambako wazee waliamkiana na kuamua kesi kwa Kinyamwezi au Kisukuma.

Mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma apate kuchagua. Alama zilikusudiwa zisiwe na maana yoyote, lakini wagombea walizipa maana mara moja. Katika nchi ya wakulima jembe lilijinadi lenyewe: bila jembe hakuna pamba, hakuna mpunga, hakuna chakula. Mwenye nyumba naye alilazimika kuuliza, baada ya kulima unalala wapi? Leo tunaweza kuona ni mchezo mdogo, lakini wananchi hawakuuchukulia hivyo. Walitumia nafasi ile kuwaondoa wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwanzilishi mashuhuri wa ushirika wa pamba Usukumani, alianguka jimboni kwake. Wabunge wengi waliokuwamo hawakurudi. Kulikuwa na chama kimoja, lakini waziri aliweza kung'olewa na wapiga kura wake kwa jembe au kwa nyumba.

Uhuru huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulionekana Oktoba 1968. Halmashauri Kuu ya TANU ilimfukuza Kasella Bantu, mbunge wa Nzega Mashariki na mmoja wa wale 17 wa 1954, pamoja na Oscar Kambona, aliyekuwa uhamishoni Uingereza, na wabunge wengine kadhaa. Kosa lao, kwa mujibu wa chama, lilikuwa kwenda kinyume na siasa na msimamo wake. Kwa Katiba ya 1965, aliyepoteza uanachama alipoteza na ubunge hapo hapo. Wananchi wa Nzega Mashariki hawakuulizwa. Mtu waliyempa kura aliondolewa na kikao ambacho wao hawakukichagua, na kiti kikawa wazi. Unaweza kuamini kwamba chama kilikuwa na haki ya kumfukuza mwanachama wake. Hilo ni lao. Lakini kiti cha ubunge hakikuwa mali ya chama. Hapo ndipo nadhani jambo liliharibika, na halijatengenezwa hadi leo.

Miaka ya themanini Wanyamwezi na Wasukuma walionyesha kwamba wanaweza kujipanga wenyewe. Wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulipozidi na polisi wakawa mbali, kuanzia mwaka 1982 hivi vijiji vya Nzega, Kahama na Shinyanga viliunda sungusungu. Walichagua viongozi wao hadharani, wakaweka makatibu na makamanda, wakalinda njia usiku kwa upinde na filimbi. Vijiji kadhaa vilimwita kiongozi mkuu wa kundi kwa jina lile lile la zamani, ntemi. Palikuwa na ukatili ndani yake, hasa kwa vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na hilo halifai kufunikwa. Lakini chama, badala ya kuwazima kama baadhi ya polisi na mahakimu walivyotaka, kiliwakumbatia. Kilijua kwamba watu waliokwisha kujipanga ni kura.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi Julai 1, 1992, Tabora ilipata mpinzani wake mkongwe: Chifu Fundikira aliibuka tena, akaongoza chama kipya cha UMD. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa imekuta karibu watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi ili wale wachache nao wapate sauti. UMD haikufika mbali vijijini. Haikuwa na mabalozi.

Basi ushindani ukarudi ulikokuwa, ndani ya CCM, sasa kwa jina la kura za maoni. Fedha nayo ikaingia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na CCM yenyewe ikaamua kwamba safari hiyo wasipige kura wajumbe wachache tu, wapige wanachama wote wenye kadi. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na ninausifu. Ni rahisi kumhonga mjumbe kuliko kuhonga kata nzima.

Nzega ilikuwa mahali pa kuupima. Mbunge aliyekuwapo, Lucas Selelii, alikuwa na jina kubwa bungeni. Alikuwa mjumbe wa kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, ambayo ripoti yake ya Februari 2008 ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Wilayani palikuwa na maswali mengine: bei ya pamba, maji, na dhahabu ya Lusu, ambako mgodi wa Golden Pride ulikuwa umezalisha tangu mwishoni mwa 1998 huku watu wakiuliza halmashauri yao inapata nini. Agosti 1, 2010 wanachama walipiga kura. Hussein Bashe aliongoza, Selelii akawa wa pili, Dk. Hamisi Kigwangalla wa tatu.

Jina lililorudi lilikuwa la tatu. Halmashauri Kuu ya Taifa ilimwengua Bashe kwa madai kwamba si raia wa Tanzania, ikampitisha Kigwangalla, naye akashinda Oktoba. Serikali ilithibitisha baadaye kwamba Bashe ni raia. Sisemi Kigwangalla alikosa sifa. Alikubali uteuzi wa chama chake kama mwanachama yeyote angefanya. Swali langu ni kwa nini uraia wa mtu uchunguzwe baada ya wanachama kumpigia kura, wakati fomu aliijaza kabla.

Na Bashe hangeweza kusimama peke yake hata angetaka. Miezi miwili tu kabla, Juni 2010, Mahakama ya Rufani ilikuwa imetengua ushindi ambao Mchungaji Christopher Mtikila aliupata Mahakama Kuu mwaka 2006 kuhusu mgombea binafsi, ikasema hilo ni jambo la Bunge. Aliyekatwa na chama chake alikuwa na njia mbili: kuhamia chama kingine au kukaa nyumbani.

Mwaka uliofuata majirani wa Nzega, watu wa Igunga, walionyesha picha nyingine. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge Julai 2011, wakati wa kampeni ya CCM ya kujivua gamba, na uchaguzi mdogo wa Oktoba 2 ukawa wa kushikana mashati kweli. Dk. Dalaly Kafumu wa CCM, aliyekuwa Kamishna wa Madini, alimshinda Joseph Kashindye wa CHADEMA kwa zaidi ya kura 3,000 tu. Mahakama Kuu ilitengua matokeo Agosti 2012, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti. Mkoa ule ule, wakulima wale wale wa pamba na alizeti, na bado matokeo yalisubiriwa hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa safari hiyo mpiga kura alikuwa na watu wawili wa kweli wa kuchagua.

Nzega yenyewe ilituliza ugomvi wake kwa kugawanywa. Mwaka 2015 Bashe alipata Nzega Mjini na Kigwangalla akapata Nzega Vijijini, wote wakaja kuwa mawaziri. Kura za maoni za 2020 zilirudi mikononi mwa wajumbe. Mwaka 2025 utaratibu ulipinduliwa tena: Kamati Kuu ilichuja majina kwanza, ndipo kura zikapigwa Agosti 4 na wajumbe wengi zaidi, kisha Halmashauri Kuu ikatoa uteuzi wa mwisho. Kuchuja kabla ya kura ni afadhali kuliko kukata baada yake. Hata hivyo neno la mwisho halijashuka kuja wilayani.

Chama kina haki ya kuchagua nani avae rangi zake, na hakuna anayekinyang'anya. Kinachodaiwa na watu wa Nzega, na wa kila jimbo la namna yake, ni kwamba aliyekatwa aweze kwenda mwenyewe kwa wananchi wamhukumu. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika kesi ya Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki, ikaitaka Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake. Chaguzi kuu za 2015, 2020 na 2025 zote zimefanyika bila mgombea binafsi.