Ufukwe Haukuwa Mtupu: Ardhi, Maji na Utalii wa Unguja

Kila yanapozungumzwa mafanikio ya utalii Zanzibar, hatakosa mtu wa kusema kwamba pwani ya mashariki ya Unguja ilikuwa tupu mpaka wawekezaji walipofika. Dai hili limerudiwa hadi linachukuliwa kuwa historia. Si historia.

Mwaka 1947 serikali ya Zanzibar ilichapisha kijitabu cha R. H. W. Pakenham kuhusu umiliki wa ardhi kwa Wahadimu, wenyeji wa Chwaka, kijiji cha pwani hiyo. Pakenham alikuwa ofisa wa kikoloni, na leo wanaomkumbuka ni wataalamu wa ndege, kwa kuwa ndiye aliyempa bundi mdogo wa Pemba jina lake la kisayansi mwaka 1937. Kijitabu chake cha ardhi hakisomwi, wala haukusomwa inavyostahili utafiti mpana zaidi wa John Middleton uliotoka mwaka 1961. Ndiyo, wote wawili waliandika kwa haja za dola ya kikoloni. Hata hivyo walikaa na wazee wakawasikiliza, na walichokikuta ni mpango wa ardhi uliokamilika: viambo, yaani maeneo ya makazi ya koo, maweni yaliyolimwa kisha yakapumzishwa, na wazee wa mji wenye kauli juu ya nani alime wapi. Mnazi uliweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine.

Pwani nayo ilikuwa na kazi zake. Palikuwa na diko, mahali ngalawa zilipofikia, na palikuwa na mashimo ya makumbi: wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga ambao bahari huufunika na kuuacha, wakayaacha miezi mingi yaoze, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa magongo na kusokota kamba za usumba. Kila mama alilijua shimo lake. Mwaka 1989 ukaja ukulima wa mwani Paje na Jambiani, na mafungu yale yale ya maji mafupi yakajaa vijiti na kamba. Anayeuita ufukwe wa namna hiyo mtupu alipita maji yakiwa yamejaa.

Habari ya karafuu na Mapinduzi msomaji anaijua. Linalotuhusu hapa ni kwamba Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kwamba bei ya karafuu, zao kuu la Zanzibar, ilipoporomoka miaka ya 1980, ardhi hiyo ndiyo iliyobaki mkononi kama mtaji. Sheria ya kulinda uwekezaji ilipitishwa mwaka 1986. Mwaka 1992 ikaja Sheria ya Matumizi ya Ardhi, na mwaka huo huo ikaundwa Kamisheni ya Utalii.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kuwa ardhi kisheria haikuwa ya mwanakijiji, alichoweza kuuza au kulipwa fidia ni kilichosimama juu yake, yaani minazi na majengo. Kiambo hakikuhesabiwa. Diko halikuhesabiwa, wala mashimo ya makumbi. Wapo wanaosema wanakijiji waliuza wenyewe kwa tamaa. Wasemao hivyo waonyeshe kwanza ni karatasi gani ilimpa mwanakijiji haki ya kukataa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 rasi nzima ya Nungwi ilipangiwa mradi mmoja wa mabilioni ya dola. Mradi ule ulikwama, na mimi nahesabu kukwama kwake kuwa neema.

Sikatai faida. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000. Barabara zimejengwa, pweza na samaki wamepata soko, vijana wamepata mishahara. Lakini maji tuyatazame. Unguja hunywa maji ya mvua yaliyojichuja chini ya mawe ya matumbawe, na yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda kisimani. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu zake za pwani ya mashariki: wastani wa lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, na katika hoteli sehemu kubwa ikienda kumwagilia bustani. Majani ya mapambo yalikunywa maji ya mji.

Wengi husifu kisiwa cha Chumbe, hifadhi ya bahari tangu 1994, penye vyumba saba tu vinavyoishi kwa maji ya mvua. Ni kazi njema, ila Chumbe haina kijiji. Mfano wenye uzito zaidi ni msitu wa Jozani. Huko kima punju waliingia mashambani, wakulima wakalalamika, na badala ya kuitwa wavamizi wa msitu wakapewa sehemu ya viingilio vya watalii. Shamba lilitambuliwa kwanza, ndipo pesa zikagawanywa.

Mikataba ya hoteli za miaka ya 1990 si ya milele. Kabla ya kuhuishwa, majina ya viambo na madiko ya Kiwengwa, Matemwe na Nungwi yaandikwe, kama yalivyoandikwa ya Chwaka, maadamu wazee wanaoyajua wangalipo.